Sindano Ikishatoka: Mazoezi Baada ya Tiba ya Misuli Iliyokaza

Mhadhara kwa wananchi, Bunia



Mtu aliyetoka kuchomwa sindano kavu huuliza swali moja kabla hata hajavaa shati: "Dokta, nipumzike siku ngapi?" Si swali la kijinga. Maisha yake yote ameona sindano ikiandamana na kitanda: malaria kali, mtoto mwenye homa, mama aliyejifungua. Anayechomwa hulala, huletewa uji, na wageni huja kumwangalia. Kwa sindano hii, siku za kulala ni sifuri. Lakini nikisema hivyo na kunyamaza nitakuwa nimemponza, maana katika mji huu mtu akisikia kwamba hana haja ya kulala, anatoka hapo moja kwa moja kwenda kubeba gunia. Kati ya kitanda na gunia kuna nafasi pana sana. Leo tutakaa humo.

Kwa wale ambao hawajaiona, ni sindano nyembamba ya chuma kitupu, haina tundu katikati wala bomba la dawa nyuma yake. Unene wake ni kama robo ya milimita. Inaitwa kavu kwa sababu haibebi dawa yoyote. Kine, kama tunavyowaita hapa wataalamu wa viungo, hupapasa msuli kwa vidole akitafuta mahali palipokaza, penye kinundu ambacho ukikibonyeza maumivu hutokea kwingine. Unabonyezwa begani, unasikia juu ya sikio. Unabonyezwa kwenye tako, unasikia mguuni. Akishakipata kinundu, anaingiza sindano, anaisogeza kidogo ndani na nje, na mara nyingi msuli unaruka wenyewe mara moja. Mgonjwa hushtuka. Wengine hucheka, wengine hutoa neno ambalo sitalisema mbele ya wazee. Kisha sindano inatoka, na aliyeshindwa kugeuza shingo tangu Jumatatu anaigeuza.

Hapo ndipo watu wengi wanapodhani kazi imekwisha. Mimi nasema hapo ndipo inapoanza. Sindano inapunguza maumivu kwa muda, na muda huo ni wa kuufundisha msuli kazi yake upya. Ukipita bure, kinundu kinarudi na fedha yako imekwenda.

Kwa nini msuli ukaze hata uzae kinundu? Maelezo yanayofundishwa mara nyingi yanatoka kwa madaktari wawili wa Marekani, Janet Travell na David Simons, walioandika kitabu kikubwa cha vinundu hivi mwaka 1983. Kwa kifupi, pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli hutoka kemikali iitwayo asetilikolini, ndiyo inayouamuru msuli ujikunje. Ikizidi mahali pamoja, nyuzi chache za msuli hubaki zimejikunja na haziachii. Zikibana hivyo, damu haipiti vizuri, taka za kazi ya msuli hukusanyika, nazo huchokoza mishipa ya maumivu. Sindano inapopita huvuruga hali hiyo, nyuzi zinaachia, damu inarudi. Wapo wanaoyapinga maelezo haya kwa nguvu. Mwaka 2015 John Quintner wa Australia na wenzake waliandika kwamba ushahidi wa vinundu vyenyewe ni mwembamba, na kwamba wataalamu wawili wakimpapasa mgonjwa mmoja hawakubaliani kilipo kinundu. Hoja hiyo siipuuzi. Nimewaona kine wawili wazuri wakibishana juu ya bega moja. Maumivu ya mgonjwa ni ya kweli, nafuu yake mara nyingi ni ya kweli, na maelezo ya kati yanaweza kubadilika kesho. Aliyelala kitandani hachomwi na nadharia.

   

Nataka tukae kidogo na takwimu, maana zinasema kitu ambacho matangazo ya tiba hayakisemi. Mwaka 1979 daktari wa Praha aitwaye Karel Lewit alichapisha uchunguzi katika jarida la Pain. Alikuwa amegundua kwamba wagonjwa waliochomwa dawa ya ganzi kwenye misuli walipata nafuu hata pale dawa isipoweza kuwa ndiyo sababu, basi akaanza kuchoma bila dawa. Wagonjwa walikuwa 241, na sehemu zenye maumivu 312. Katika kila sehemu 100, karibu 87 zilitulia maumivu papo hapo. Hiyo ndiyo namba inayopendwa na kurudiwa. Lakini Lewit alikuwa mtu mwaminifu, akaendelea kuwafuatilia. Katika sehemu 288 alizozifuatilia, nafuu ya kudumu ilikuwa katika 92. Nyingine 58 zilitulia kwa miezi, 63 kwa wiki kadhaa, na 32 kwa siku chache tu. Yaani kitandani karibu wote walifurahi, na walioondoka na furaha ya kudumu ni kama theluthi moja. Tena hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, kwa hiyo hata theluthi hiyo tuipokee kwa tahadhari. Tafiti nyingi zilizokuja baadaye, za Wahispania hasa, zimeelekea upande huohuo: sindano peke yake husaidia kwa muda mfupi, na ikiandamana na mazoezi matokeo huwa mazuri zaidi.

Kuna mgonjwa mmoja maarufu ambaye kisa chake kinatosha kufundishia somo zima. Ni John F. Kennedy, Rais wa Marekani. Picha zinamwonyesha kijana mwenye afya, lakini mgongo ulimtesa tangu ujana, na upasuaji wa mwaka 1954 nusura umuue. Kuanzia 1955 alitibiwa na huyuhuyu Janet Travell. Alimchoma misuli ya mgongo sindano zenye prokaini, dawa ya ganzi, akamshauri akalie kiti cha kubembea. Kennedy alipoingia Ikulu mwaka 1961 akaenda naye, na Travell akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari wa Rais kule. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, katika ziara ya Ottawa, Kennedy alijiumiza mgongo akipanda mti wa kumbukumbu kwa koleo. Sindano zikaongezeka. Nafuu ilikuja na kuondoka, ikaja tena na kuondoka, na Rais wa nchi kubwa akawa anatembelea magongo pale ambapo wapiga picha hawakuruhusiwa.

Mwezi wa Oktoba akaletwa daktari mwingine, Hans Kraus, mzaliwa wa Trieste, mpanda milima. Kraus alikuwa tayari ana sifa: vipimo vyake vya misuli ya watoto wa Marekani vilimtia Rais Eisenhower wasiwasi hadi akaunda baraza la afya ya vijana mwaka 1956. Alipomkagua Kennedy alikuta misuli ya tumbo na mgongo imelegea na ya nyuma ya mapaja imekaza. Akataka sindano zikome, akamwandikia mazoezi mara tatu kwa wiki katika chumba kidogo karibu na bwawa la kuogelea. Hakuna ajabu yoyote katika mazoezi hayo: kulegeza, kunyoosha, kisha kuimarisha. Miezi michache baadaye Kennedy alikuwa anatembea na kuinua watoto wake kuliko alivyoweza kwa miaka mingi.

Wanaosimulia kisa hiki humfanya Travell mbaya na Kraus shujaa. Mimi sikubaliani nao. Ukifungua kitabu cha Travell mwenyewe utakuta ameandika kwamba baada ya kuchomwa, mgonjwa ausogeze msuli ule mwendo wake wote, kutoka kujikunja kabisa hadi kunyooka kabisa, mara tatu, kabla hajaondoka, kisha apewe mazoezi ya nyumbani. Alijua. Lakini mgonjwa mwenye shughuli nyingi huchukua nusu ya tiba isiyochosha na kuiacha ile inayomtaka atoke jasho, na daktari mwenye mgonjwa mkubwa humridhisha. Hilo halihitaji Ikulu ya Marekani. Liko hapa hapa Boulevard de Libération.

Sasa tushuke kwenye mwili wenyewe, na saa za kwanza. Sindano imetoka. Kabla hujavaa shati, sogeza kile kilichochomwa. Kama ni bega, zungusha mabega kurudi nyuma, lete sikio kuelekea bega la kulia kisha la kushoto, pandisha mikono yote miwili ukutani hadi inapokubali. Kama ni kiuno, piga magoti na viganja kwenye mkeka, upinde mgongo juu kisha uushushe, polepole, ukipumua. Kama ni tako, kaa, weka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la pili, uiname kidogo mbele. Kumi, kumi, hakuna kulazimisha, na urudie kila baada ya saa mbili hivi hadi jioni. Kutembea kwa mguu dakika 10 au 15 ni dawa nzuri kwa karibu kila mtu. Msuli umeachia, ukiuacha bila kuusogeza hauna sababu ya kujifunza urefu wake mpya. Ukiubebesha mzigo mzito saa hiyo, unajilinda kwa njia pekee unayoijua, yaani kukaza.

Kuna watu wa Bunia waliokutana na sindano hii Kampala, walikokwenda kutafuta tiba. Hao wana shida yao ya pekee: wanachomwa asubuhi, usiku wanapanda basi la kurudi. Njia ya Pakwach, Nebbi na Mahagi ni ndefu, na hata anayevuka Ziwa Albert kutoka Ntoroko hadi Kasenyi atakaa sana kabla hajaona vilima vyetu. Mtu anakaa amejikunja, mfuko mapajani, kichwa kimeangukia dirishani, na alfajiri anashuka akiwa amekaza kuliko alivyoondoka. Anasema sindano ya Kampala ni bure. Ukiweza, lala Kampala siku moja zaidi baada ya tiba. Usipoweza, shuka kila basi linaposimama, hata kwa dakika mbili, na mabega yazungushwe watu wakitazama. Mpakani, wakati pasi zinagongwa mhuri, hiyo foleni yenyewe ni mahali pazuri pa mazoezi.

Siku ya pili maumivu mapya huja. Yanafanana na yale ya siku ya kwanza ya kulima baada ya likizo ndefu: msuli unauma ukiugusa, ngumu asubuhi, afadhali mchana. Hapo wengi huogopa na kurudi kitandani, au kurudi kwa kine kwa hasira. Ni maumivu ya kawaida, na kwa watu wengi huisha ndani ya saa 72. Mazoezi mepesi huyapunguza, hilo limepimwa. Kitambaa chenye maji ya moto pia husaidia. Alama ndogo ya damu chini ya ngozi si jambo la kuhangaisha. Kwa siku hizo mbili tatu epuka mambo matatu: kunyanyua kizito, kazi ya mikono juu ya kichwa kwa muda mrefu kama bega ndilo lililochomwa, na kusuguliwa kwa nguvu na mtu mwenye mapenzi mema. Hao wa mwisho ni wengi.

Kuanzia siku ya nne tunaingia katika kazi yenyewe, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo watu wengi wanaachia. Msuli uliokaza mara nyingi ni msuli uliochoka, si msuli wenye nguvu nyingi. Unaomba nguvu. Kunyoosha peke yake hakutoshi. Vifaa vya klabu za mazoezi hatuna, na hatuvihitaji. Tafuta kamba ya mpira iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu, ile wanayofungia mizigo kwenye pikipiki. Kila gereji ya mjini inayo, mara nyingi bure. Ifunge kwenye nguzo ya baraza, kimo cha kifua. Shika ncha mbili, rudi nyuma hadi mpira ukaze kidogo, kisha vuta viwiko nyuma kando ya mbavu kama anayetaka kuikutanisha mifupa ya mabega. Tulia hapo kidogo. Halafu uachie polepole, ukihesabu moja hadi nne. Kule kuachia polepole ndiko kunakojenga. Wengi huuachia mpira uwarushe mikono, na hapo wamefanya nusu ya zoezi. Mara 10, pumzika, mara 10 tena, na ya tatu. Siku moja fanya, siku moja acha.

Wiki ya pili au ya tatu inakuja bidoni ya maji. Chukua ile ndogo ya litri 5, itie maji nusu. Inyanyue kutoka chini kwa kukunja magoti, isimamishe karibu na mwili, ishushe taratibu. Ikiwa rahisi, ijaze. Kisha litri 10. Bidoni ya manjano ya litri 20 ikijaa ni kilo 20 na uzito wake mwenyewe juu; watoto wa mji huu wanaibeba kutoka kisimani bila mtu kuiita mazoezi. Hatutaki umuige mtoto wako siku ya kwanza. Kipimo ni hiki: katika kumi, maumivu ya tatu au manne wakati wa zoezi yanavumilika, mradi asubuhi yawe yametulia. Ukiamka yamezidi ya jana, jana ulizidisha. Punguza maji kwenye bidoni, usiache kabisa.

Najua mnachokifikiri. Haya yote ni ya mtu mwenye nafasi. Motari, dereva wa teksi ya pikipiki, anayedaiwa versement, ile fedha ya kumpelekea mwenye pikipiki, hawezi kukaa siku tatu bila kupakia. Ni kweli, na mazoezi yasiyomjali motari wa Bunia ni ya kitabuni. Basi tumwangalie. Anatoka Bunia kuelekea Komanda au Mahagi, barabara ni mashimo, na katika kila shimo anapandisha mabega na kubana usukani. Kwa saa nzima misuli ya juu ya bega haijashuka hata mara moja. Abiria wawili nyuma wanamsukuma mbele, shingo inachomoza. Huyu akichomwa sindano leo na kurudi barabarani kesho bila kubadili lolote, Lewit angeweza kumwambia mapema yuko kundi lipi. Lakini anaweza kufanya mambo mawili. La kwanza, kila abiria anaposhuka na kutafuta fedha mfukoni, mikono itoke usukanini, mabega yapande hadi masikioni, yashuke chini kabisa, mara tano. Haipotezi hata faranga moja. La pili, siku tatu za kwanza achague safari fupi za mjini, Mudzipela na Nyakasanza, badala ya safari ya mbali yenye mzigo wa mihogo. Atapungukiwa kidogo. Mgongo ukikataa kabisa atapungukiwa zaidi.

Mama anayeteremka kutoka vilima vya Djugu na kuni mgongoni, mkanda ukiwa kwenye paji la uso, ana shida tofauti. Shingo yake ina nguvu kuliko ya wengi wetu humu. Kinachokaza ni misuli ya chini ya fuvu, maana anainama mbele wakati mkanda unamvuta nyuma, saa baada ya saa. Simwambii aache, nani atapika? Namwambia agawe mzigo mara mbili kwa wiki ya kwanza, na kila anapotua apumzike kwa kuangalia mbali, kidevu kikirudi nyuma taratibu, bila kukiinua. Mchimbaji wa Mongbwalu anayechuchumaa majini na sahani ya kuoshea mchanga anahitaji kinyume chake: asimame, mikono kiunoni, aupinde mgongo nyuma. Fundi cherehani hivyohivyo. Ituri, jimbo letu, imebebwa migongoni tangu dhahabu ya Kilo ianze kuchimbwa mwanzoni mwa karne iliyopita, wala sijui siku itakaposhushwa.

Na ndugu walio katika kambi za waliokimbia makwao, kama Kigonze, wanaolala juu ya turubai na kuamka kwa kila mlio? Misuli ya mtu mwenye hofu haiachii hata usingizini. Huko sindano isiyofuatwa na usingizi mzuri inafanya kidogo mno. Kutembea pamoja asubuhi, akina mama kumi, kuna faida kuliko kinundu kimoja kutobolewa, nami nasema hivyo nikiwa mtu ninayeipenda sindano.

Mikanda. Mnaiona sokoni, mipana, ya mpira, ya kufunga kiunoni. Motari wengi wanaivaa. Kennedy naye alikuwa na wake. Hata alipopigwa risasi Dallas, tarehe 22 Novemba 1963, alikuwa ameuvaa, ingawa Kraus alitaka auache. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu sugu ya kiuno; maumivu ya kiuno kwa jumla yalikuwa yamewapata watu milioni 619 mwaka 2020. Mwongozo unapendekeza mafundisho kwa mgonjwa, mazoezi, na miongoni mwa mengine tiba za sindano, hata hii kavu, ukikiri kwamba ushahidi si mzito. Mikanda haikupendekezwa. Mashine za mawimbi ya sauti hazikupendekezwa, wala kuvutwa uti wa mgongo kwa vyombo. Fedha ya mkanda wanunulieni watoto nyama.

Sasa usafi, na katika nchi hii hatuna haki ya kuupitisha haraka. Mwaka 1976, Yambuku, kaskazini mwa Congo, hospitali ya misheni ilikuwa inatoa sindano tano tu kila asubuhi kwa wauguzi. Zikasuuzwa katika maji ya uvuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ugonjwa ambao dunia ilikuwa haijaujua, na ambao baadaye uliitwa Ebola, ukapita katika sindano zile. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Wengi wa walioambukizwa mwanzoni hawakumgusa mgonjwa yeyote. Walikwenda kuchomwa tu. Nasi Ituri tulikuwamo katika mlipuko wa 2018 hadi 2020, ndoo za klorini mlangoni pa kila duka bado tunazikumbuka. Ukosefu wa dawa ndani ya sindano kavu haumaanishi kwamba haina damu juu yake. Virusi vya ukimwi na homa ya ini ya B haviulizi kama sindano ina tundu. Kwa hiyo: pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, mtu mmoja, mara moja, kisha iingie kwenye boksi la takataka zenye ncha. Ukiambiwa sindano huchemshwa, vaa shati uondoke, hata kama kine huyo ni shemeji yako. Mazoezi niliyoyaeleza yanaweza kufanyika bila sindano kabisa, na mara nyingi yanatosha.

Ninyi wanafunzi wa tiba mliomo humu, andikeni hili. Mgonjwa aliyechomwa shingoni, begani au mgongoni juu akirudi jioni na kusema kifua kinachoma upande mmoja anapovuta pumzi, na anaishiwa pumzi akipanda mlima wa nyumbani kwake, msimpe mazoezi. Pafu linaweza kuwa limetobolewa na hewa inajaa pembeni yake. Ni nadra, lakini hutokea, pengine saa kadhaa baada ya tiba. Hospitali, mara moja, kwa pikipiki, si kwa mguu. Aliyechomwa akaona mahali pamevimba, pana joto, na homa juu, hospitali. Anayepoteza nguvu za mguu au kushindwa kuzuia mkojo, hospitali. Na kabla ya kumchoma mtu yeyote mgongo, muulizeni kama amekonda, kama anatoka jasho usiku, kama maumivu hayalali hata akilala. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo kwetu, nacho huja kikijifanya misuli iliyokaza. Mtu wa namna hiyo anahitaji picha na dawa. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na mama mjamzito, waamuliwe na daktari kwanza.

Nimeletewa karatasi hapa. Dada mmoja anauliza kama anaweza kumbeba mtoto mgongoni baada ya kuchomwa bega. Siku ya kwanza na ya pili mpe bibi yake amshike, au mketi naye mkekani. Siku ya tatu mbebe kwa muda mfupi, robo saa, ndani ya nyumba. Kitenge kipite chini ya makwapa na kufungwa juu ya kifua, kisining'inie kwenye bega lile lililochomwa. Mtoto akae juu, karibu na mgongo wako, si chini kwenye makalio ambako anakuvuta nyuma. Ukimshusha, zungusha mabega kumi. Umesema ana miezi minane: huyo ana kilo nane hivi, na ameshapita bidoni yako ya kwanza. Basi hesabu yeye ndiye zoezi la wiki ya pili, na umnyanyue kutoka sakafuni kwa magoti. Swali la pili limetoka upande wa wanaume. Nani?